Dakika Tatu Bila Kengele

Kabla sijafika mbali, nitubu. Kisa hiki nilikuwa nakisimulia harusini, kwenye foleni, popote penye watu wawili na kiti cha tatu, na nilikisimulia kama kichekesho. Nilikuwa naiga kengele kwa ulimi, kring, kring, na watu wanashika mbavu. Na kosa langu lilianza mapema zaidi, maana kipindi chenyewe cha redio kilipokuwa hewani nilikuwa miongoni mwa waliotuma meseji: "Piga kengele, dada, huyo mzee anatuibia." Lugha yenyewe siijui hata salamu. Nilikuwa nangoja kengele tu, kama paka anavyongoja samaki adondoke mezani. Basi nimelitoa, sasa nikae pembeni nimpishe mwenye kisa.

Mwenye kisa ni Mtangazaji. Mama yake mzazi alifariki yeye akiwa hajaota meno, na mama yake mkubwa akamchukua kama mtu anavyochukua mzigo wake mwenyewe, bila kuuliza uzito. Mama Mkubwa ni fundi cherehani. Nyumba yake ni vyumba viwili, cha nyuma cha kulala na cha mbele ndiyo duka. Humo mna cherehani ya miguu, meza ya kukatia, msumari ukutani wenye karatasi za vipimo zilizotungwa pamoja, hii ya kola, hii ya mkono, hii ya mfuko, na redio ndogo iliyofungwa kwa mpira kwa sababu mfuniko wa betri ulishakwenda zake siku nyingi.

Chini ya meza ile ndipo mtoto alipojifunza lugha ya nyumbani. Nje alisema Kiswahili kama wenzake, lakini chini ya meza, kati ya vitambaa vilivyodondoka, alisema ya kwao. Mama Mkubwa alimpa jina kwa lugha hiyo, maana yake Kifungo, kwa kuwa alikuwa na tabia ya kumumunya vifungo, na kila jioni ilibidi vihesabiwe pamoja na yeye.

Wenye lugha hiyo walikuwa wachache. Ungewakusanya wote wa mji ule wangetosha kwenye mabenchi matatu, na mabenchi mawili yangekuwa ya wazee. Shuleni wenzake walimcheka, wakasema anaongea kama mtu anayetafuna kokoto. Alimaliza shule, akasoma stashahada ya utangazaji, akarudi na cheti chake kwenye bahasha ngumu, lakini zile kokoto alirudi nazo pia. Kicheko cha utotoni hakitoki kwa sabuni.

Redio ya jamii ilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vipuri vya baiskeli. Unapanda ngazi za chuma zinazolalamika kuliko wewe. Kuta za studio zilibandikwa trei za mayai ili sauti isirukeruke, na mlangoni pametundikwa blanketi. Kulikuwa na laini moja ya simu, na taa ndogo ya kijani iliyowaka mtu akipiga. Upande wa pili wa kioo alikaa fundi mitambo, ambaye jina lake lilishafupishwa likabaki Mitambo, mtu mpole anayekula karanga kimyakimya ili zisiingie hewani. Nyuma ya Mitambo alisimama Meneja, tai shingoni na kandambili miguuni kwa sababu ya vidole vyake, na kwapani ana daftari la simu. Meneja alikuwa na msemo mmoja tu maishani, na aliutumia bila huruma: kipindi kisichopigiwa simu ni maiti isiyozikwa.

Mtangazaji akapewa Alhamisi, saa kumi hadi saa kumi na moja jioni, saa nzima kwa lugha ya nyumbani.

Mwanzoni kilikuwa kipindi cha watu wanaojuana. Wa kwanza kupiga siku zote alikuwa Mama Mkubwa, na kelele za cherehani ziliingia kabla yake. Wa pili Mzee Kinyozi, ambaye duka lake lilitazamana na la Mama Mkubwa, barabara tu katikati. Hao wawili walikuwa wakipigiana kelele kutoka mlango hadi mlango tangu asubuhi, kwa lugha yao, kisha Alhamisi jioni kila mmoja anapiga simu redioni kumwambia mwenzake yaleyale. Kinyozi aliibana simu begani huku mkasi unafanya kazi, na mteja mmoja aliwahi kusikika hewani akiuliza kama sikio lake bado lipo.

Na kipindi kilifungwa namna moja tu. Katika lugha ile, mtu akiondoka haagi peke yake. Anayeondoka husema nusu, maana yake, nakuachia moto. Anayebaki humalizia: nitautunza mpaka urudi. Mtu hajimalizii mwenyewe, ni mwiko, na anayeondoka bila kujibiwa wanasema anakwenda huku mlango uko wazi nyuma yake. Kwa hiyo mpigaji wa mwisho alisema nusu yake, Mtangazaji akamalizia ya kwake, Mitambo akashusha sauti. Simu tisa kwa wiki nzuri, sita kwa wiki mbaya. Daftari la Meneja lilikuwa linapumua.

Halafu wakaja wageni wa ukaguzi, watatu, kila mmoja na kitambulisho kinaning'inia kama kengele ya mbuzi. Wakakaa nyuma ya kioo wakasikiliza. Siku hiyo mama mmoja alikuwa anaeleza habari za hospitali, na kama ujuavyo habari za hospitali zina daktari, sindano, kadi na foleni. Mmoja wa wageni akageuka akasema, na blanketi la mlangoni halikuzuia kitu, "Mbona nusu naielewa? Hii ni lugha kweli, au ni Kiswahili kilichopotea njia?"

Meneja akacheka. Wageni wakacheka. Mitambo peke yake ndiye aliyeinamia karanga zake. Mtangazaji, aliyekuwa na stashahada na umri wa miaka thelathini na mbili, akajikuta darasa la tatu, mdomo umejaa kokoto.

Alhamisi iliyofuata alipitia duka la chini, akanunua kengele ya baiskeli, akaifunga kwa skrubu kwenye ukingo wa meza ya studio. Akatangaza utaratibu mpya: kila mpigaji ana dakika tatu za lugha safi. Neno la kuazima, kengele. Kengele ya tatu, simu inakatwa.

Alikuwa amemweleza Mama Mkubwa usiku wa kuamkia siku hiyo, kwa fahari, kwamba lugha inabidi isafishwe. Mama Mkubwa alikuwa anapachika kiraka kwenye goti la suruali, akauliza inasafishwa ya nini, inaolewa? Kisha akasema neno ambalo Mtangazaji alilikumbuka baadaye, wakati wa kulikumbuka ulipokwisha pita.

"Kifungo, nguo ya viraka ni nguo. Ukianza kung'oa viraka, utavaa matundu."

Wa kwanza kupigiwa kengele alikuwa Mzee Kinyozi. Alianza kulalamika kwamba redio yake imeishiwa betri. Kring. Akacheka mwenyewe, kicheko chake kile cha kukohoa, akauliza hiyo betri aiite nini, maana wazee wao walikufa kabla betri hazijazaliwa. Kwa kuwa alilitaja tena, kring ya pili. Akataka kusema samahani kwa haraka, ikamtoka ya Kiswahili. Ya tatu. Simu ikakatwa Kinyozi akiwa bado anacheka.

Dakika kumi baadaye meseji zikaanza. Hazikutoka kwa wenye lugha. Zilitoka kwa watu kama mimi. Vijiwe vilituma, ofisi zilituma, abiria walimwomba dereva aongeze sauti. Lugha hatuijui, lakini nani asiyejua kucheka mtu mzima anapokamatwa kama mwizi wa kuku? Meneja alipiga chapa meseji zile, akazibandika mlangoni, akaamua kuanzia siku hiyo meseji moja ni simu moja. Daftari likanenepa. Kipindi kikapewa marudio Jumapili.

Mtangazaji naye akanenepa, si mwili, moyo. Alikuwa akipita mtaani anaitwa Dada Kengele. Wale waliomwambia anatafuna kokoto walikuwa sasa wanampungia mkono. Akajifunza kuchelewesha kengele kidogo, amwache mzee aamini amepona, kisha kring. Hiyo ya kuchelewesha hakufundishwa na mtu.

Kuna bibi mmoja alipiga akiwa anahema. Mume wake, mzee mwenye kusahau, alikuwa ametoka tangu asubuhi hajarudi. Bibi akaomba watu wamtazamie. Akataja polisi, kring. Akataja koti, kring. Akawa anaeleza mahali alipoonekana mara ya mwisho, karibu na kituo cha mafuta, kring, na simu ikakatwa kabla hajasema kituo kipi. Yule mzee alipatikana siku ya tatu, hai, bila viatu, na bila hamu ya kusalimiana na mtu. Wasikilizaji walisema hicho ndicho kipindi bora mpaka sasa. Mtangazaji alilala vibaya siku hiyo, lakini Jumapili marudio yalipopigwa aliongeza sauti.

Wazee wakaanza kupungua mmoja mmoja, na kwa kuwa daftari lilikuwa limejaa hakuna aliyeona. Mitambo ndiye aliyeona. Alimwambia siku moja wakishuka ngazi kwamba taa ya kijani siku hizi inawaka mara mbili tu, na zote mbili anazijua. Mtangazaji akamjibu kwamba yeye Mitambo ahesabu karanga.

Mtaani mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mzee akifungua mdomo dukani, kuna mtu nyuma yake anasema kring. Wateja wa Kinyozi walikuwa wakiingia hawasalimii, wanasema kring, wanakaa kwenye kiti wanacheka. Kinyozi akawa hapigi tena kelele kuvuka barabara. Alinyoa kimya. Lakini waliokaa kwenye kiti chake walisema midomo yake ilikuwa inacheza, kama mtu anayesali, na mara kwa mara aliacha mkasi, akatoa karatasi ngumu mfuko wa aproni, akaandika neno, akairudisha. Mwisho Mama Mkubwa alivuka barabara kumuuliza kama anaumwa. Kinyozi akamwambia kwa kunong'ona kwamba haumwi, anajiandaa. Alikuwa anatunga dakika tatu zisizo na hata neno moja la kuazima. Hata ile betri alikuwa ameipatia jina.

"Nitamshinda mwanao," alisema. "Nitasema mpaka mwisho, niage, na ataniitikia. Akitaka asitake."

Alipanga kupiga Alhamisi. Jumanne alianguka dukani, wembe mkononi, mteja povu usoni. Mteja alisimulia kwamba kwanza alidhani ni mzaha. Wakampeleka hospitali. Mama Mkubwa alifunga cherehani akakaa naye siku mbili. Ulimi wa Kinyozi ulikuwa umelala upande mmoja, lakini kichwa kilikuwa kizima, akaonyesha aproni kwa jicho. Mama Mkubwa akatoa ile karatasi. Jumatano jioni Kinyozi akafariki.

Mtangazaji hakuwa na habari. Mama Mkubwa hakurudi nyumbani siku hizo, na yeye alidhani amekwenda kumalizia sare za shule fulani, kama alivyofanya kila muhula. Hakuuliza, wala hakutazama ng'ambo ya barabara kwa Kinyozi. Alikuwa na mambo yake mengine: Meneja alikuwa amemwita asubuhi ya Alhamisi akamwonyesha meseji kumi na saba zinazouliza swali moja. Mbona yule fundi cherehani hapigiwi kengele? Kwa sababu ni mama yako? Ukweli ni kwamba Mama Mkubwa alikuwa anasema kifupi na anasema safi, na pale alipoteleza Mtangazaji alikuwa anakohoa. Meneja akasema wasikilizaji si wajinga, leo akimpendelea tena, wiki ijayo saa yake inakwenda kwa wapenzi wa mpira, na yeye arudi kusoma matangazo ya vitu vilivyopotea.

Saa kumi na dakika tano taa ya kijani ikawaka. Mtangazaji akasema karibu, upo hewani. Hakukuwa na kelele za cherehani. Kulikuwa na mlango unaofungwa mbali na magurudumu ya kitanda kinachosukumwa.

Mama Mkubwa alisema, kwa lugha ya nyumbani, kwamba analeta habari ya msiba. Alisema polepole, kama mtu anayetembea na beseni la maji. Akamtaja Mzee Kinyozi. Mtangazaji alisikia jina. Mama Mkubwa akaendelea, kwamba amefariki jana jioni, kwamba yeye mwenyewe alikuwepo, pale wodini.

Kring.

Hiyo ya kwanza ilikuwa mkono. Mkono ulikuwa umezoea, ulifika kabla ya kichwa. Nyuma ya kioo Mitambo aliacha kutafuna. Meneja akainua kidole kimoja.

Mama Mkubwa akaendelea. Alisema walimwekea oksijeni, haikusaidia.

Kring. Hiyo ya pili ilikuwa woga, maana Meneja alishaanza kuinua kidole cha pili kabla, na macho yake yalikuwa kwenye saa. Skrini ya meseji ikaanza kupanda kama maziwa yanayochemka. Mtangazaji aliziona kwa pembe ya jicho: mama mtu kapatikana, haki imetendeka, hahaha.

"Hapa nina karatasi yake," alisema Mama Mkubwa. "Ameniachia niisome. Ni dakika zake tatu."

Dakika. Hilo nalo la kuazima, na lilikuwa la kipindi chenyewe, Mtangazaji ndiye aliyewafundisha. Mkono ulikuwa umetulia juu ya kengele. Hapo mazoea hayakuwepo wala woga. Alikuwa na muda wote wa kufikiri, na alifikiri. Alikuja kumwambia Mitambo miezi mingi baadaye, bila kuulizwa, kwamba pale alijua kabisa anachofanya. Alitaka tu kusikia wakicheka mara moja zaidi.

Kring.

Kidole chake kikaenda kwenye swichi ya kukata. Kabla hajabonyeza, sauti ikaja kwa Kiswahili, Kiswahili safi cha ofisini, ambacho Mtangazaji hakuwahi kumsikia Mama Mkubwa akikitumia kwake tangu azaliwe.

"Usijisumbue kukata, mtangazaji. Nakata mwenyewe. Asante kwa nafasi."

Hakuaga. Taa ya kijani ikazima. Siku hiyo meseji zilifika mia mbili na arobaini, haijawahi kutokea, na Meneja alimshika Mtangazaji bega akamwambia sasa ndiyo umekuwa mtangazaji.

Alirudi nyumbani akakuta Mama Mkubwa ameshika kazi, mguu unakanyaga, kitambaa kinapita. Akamsalimia kwa lugha ya nyumbani, akampa pole ya msiba. Mama Mkubwa hakununa, wala hakumfukuza. Aliinua macho, akamjibu kwa Kiswahili, kwa upole kabisa.

"Nimepoa, asante. Maji ya kuoga yako kwenye ndoo."

Mtangazaji akasema tena kwa lugha ya nyumbani, mama, nisamehe. Mama Mkubwa akakata uzi kwa meno, akasema kwa Kiswahili kwamba hana kinyongo. Ikawa hivyo. Siku, wiki. Alimwuliza amekula, kwa Kiswahili. Alimwambia funga mlango, kwa Kiswahili. Mtangazaji alimsihi, akalia, akajaribu kumtega kwa vichekesho vya utotoni, akafikia hadi kumumunya kifungo mbele yake, mtu mzima na stashahada yake. Mama Mkubwa akamwambia atoe, kitamwingia kooni. Kwa Kiswahili.

"Mama, mbona unanifanyia hivi?" alimwuliza mwisho.

"Nakufanyia nini, mwanangu? Nazungumza tu. Kiswahili hakina kengele."

Alhamisi iliyofuata taa ya kijani haikuwaka hata mara moja. Wazee walikuwa wamesikia. Mabenchi yote matatu yalikuwa yamesikia mtu akipigiwa kengele kwenye msiba, na aliyepigiwa ni mama wa mpiga kengele. Nani mwingine angepona? Mtangazaji aliijaza saa kwa muziki na kwa kusoma meseji. Meseji za Alhamisi ya pili ziliuliza wazee wako wapi. Za Alhamisi ya tatu zilikuwa saba. Ya nne zilikuwa mbili, na moja ilikuwa ya mtu aliyekosea namba, anamdai mwenzake ngazi. Sisi tuliokuwa tunacheka tulihamia kwingine. Kicheko hakina kwao.

Meneja alimwita akamfungulia daftari. Hakusema mengi. Alisema maiti imeshaanza kunuka, Alhamisi ijayo aje aizike.

Jumatano Mtangazaji alimpigia magoti Mama Mkubwa. Hakuomba asamehewe, hilo alishaliacha. Aliomba ile karatasi ya Kinyozi. Alisema ataisoma hewani yote, kuanzia mwanzo hadi kuaga, ili mzee wa watu amalize dakika zake.

Mama Mkubwa alikuwa anachora kwa chaki juu ya shati jeupe. Hakuacha kuchora. Kwa mkono wa kushoto alionyesha msumari ukutani.

Mtangazaji akasimama, akapekua karatasi za vipimo, ya mkono, ya mfuko, ya kiuno. Ya mwisho ilikuwa ya kola. Ilikuwa imekatwa vizuri, mkato wa fundi, imepinda kama mwezi mchanga, na juu yake pamejaa mwandiko wa Kinyozi, umekatwa kushoto na kulia.

"Ilikuwa karatasi ngumu," alisema Mama Mkubwa. "Nzuri kwa kola. Nyembamba zinachanika."

"Na vipande vingine?"

"Nimewashia jiko."

Aliisoma pale pale, amesimama. Mistari ilikuwa inaanzia katikati na kuishia kabla ya mwisho. Kulikuwa na habari ya mkasi. Kulikuwa na jina lake mwenyewe, Kifungo, Kinyozi alikuwa amemtaja. Kulikuwa na jina la betri: jiwe dogo linalobeba, kisha mkasi ulikuwa umepita hapo. Linalobeba nini? Akamgeukia Mama Mkubwa akauliza, mama, betri aliiitaje? Wewe uliisoma. Jiwe dogo linalobeba nini?

Mama Mkubwa akaweka mguu kwenye cherehani, akakanyaga, na chumba kikajaa kelele.

Kwenye ncha ya kola, mahali ambapo kingekaa kifungo, mstari wa mwisho ulikuwa umebaki mzima. Ulikuwa ile nusu ya kuaga. Nakuachia moto.

Alhamisi alipanda ngazi na bisibisi mkononi. Akaifungua kengele, skrubu mbili, akaiweka chini ya kiti. Meneja hakuja, mazishi ya mtu asiye na ndugu hayajazi watu. Alikuwepo Mitambo tu, nyuma ya kioo, na siku hiyo hakula kitu.

Alisema kwa lugha ya nyumbani. Alisema hiki ni kipindi cha mwisho. Alisema kengele ameing'oa, na kwamba kila mtu aje na maneno aliyonayo, ya kuazima, ya kuokota, ya kuiba, yote yana kiti. Alimtaja yule bibi wa mume aliyepotea, akamwomba radhi. Akataja namba ya simu mara sita. Akasoma kola, mstari hadi mstari, na penye mkato alinyamaza kiasi cha neno moja, akaendelea. Robo saa ikapita, nusu saa. Taa ya kijani ilikuwa imelala.

Saa kumi na dakika hamsini na tano ikawaka.

Aliruka mpaka kiti kikaanguka. Akabonyeza, akasema karibu, karibu sana, upo hewani, nakusikia, sema. Kukawa na mwangwi, sauti yake mwenyewe inamrudia masikioni. Akainua macho. Mitambo alikuwa amesimama nyuma ya kioo na simu yake sikioni, uso umemshuka, na mkono mwingine anaupunga polepole kuonyesha si kitu.

"Samahani," alisema Mitambo kwenye laini. "Nilikuwa najaribu kama simu inafanya kazi. Inafanya."

Mtangazaji akainua kiti, akakaa. Zilibaki dakika nne. Alijua redio ile yenye mpira imewashwa, maana asubuhi alikuwa ameitia betri mpya yeye mwenyewe na kuiacha juu ya meza ya kukatia. Alijua duka liko wazi. Alijua ni hatua ngapi kutoka kwenye cherehani hadi kwenye simu: mbili, na ya pili si lazima.

Akaisogeza maikrofoni mpaka ikagusa mdomo. Akasema, kwa lugha ya nyumbani, kwamba Mzee Kinyozi aliaga wiki tano zilizopita na hakuna aliyemwitikia, na yeye hawezi kumwitikia akiwa naye anaondoka. Akasoma ncha ya kola, nakuachia moto. Akairudia, safari hii ni ya kwake. Nakuachia moto. Taa ya kijani ilikuwa mbele yake, ndogo kama kifungo.

"Mama," alisema. "Nimalizie."